Mtandao Uliotafutwa kwa Lenzi

Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2019, saa nne asubuhi, sebuleni kwa Mzee Sekunde kulikuwa na watu wanne: yeye mwenyewe, mkewe, mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, na shemeji yake. Kompyuta kuukuu ya mpakato, iliyolazwa kifudifudi mezani, mgongo umefunguliwa, haikuhesabiwa, ingawa ndiyo iliyowakusanya.

Mzee Sekunde alikuwa fundi saa. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu ulipomuuliza saa yako ingekuwa tayari lini, hakukupiga kalenda kama mafundi wengine. Alikutajia siku, saa na dakika, na ulipochelewa kuifuata alinuna. Katika maisha yake ya kazi hakuwahi kuvunja ahadi wala kubakiza skrubu. Mambo hayo mawili aliyataja mara nyingi kuliko walivyopenda watu wa nyumbani mwake.

Sasa ahadi moja ilikuwa imemkaa kooni. Alikuwa amemwahidi Bibi kwamba siku hiyo, kabla ya saa sita, angemwona mdogo wake aishiye ng'ambo, ambaye hawakuwa wameonana tangu wote wawili walipokuwa na nywele nyeusi. Kompyuta ya upande wa pili ilikuwa ya mjukuu wa yule mdogo mtu, naye saa sita angesafiri nayo, na kurudi kwake hakukujulikana. Simu ya shemeji isingefaa kitu. Macho ya Bibi yalikuwa hafifu, na kwenye kioo cha simu aliwaona ndugu zake, kwa maneno yake mwenyewe, kama kunguni waliovaa kofia. Alihitaji kioo kipana, cha kusogelea kwa pua.

Tena hakutaka kumwona tu mdogo wake, alitaka kumkagua. Mdogo mtu alikuwa amejigamba kwamba meno yake yote yangali kinywani. Bibi, aliyebakiwa na manne, hakupata usingizi mzuri tangu aliposikia habari hiyo.

Bibi alikuwa amehamia pale mwezi uliotangulia, akaja na sanduku, mkongojo na hofu ya wezi. Kila asubuhi alizunguka nyumba nzima akipangusa vumbi kwa mkono mmoja na kukomea kwa mkono wa pili: milango, madirisha, kabati la vyombo, na siku moja hata choo, kwa nje, mkwewe akiwa ndani.

Mwezi huohuo ndipo kompyuta ilipoanza kugoma kuingia mtandaoni. Mtandao wenyewe ulikuwa wa waifai, mali ya mshonaji wa ghorofa ya chini, aliyewapa nenosiri kwa ujirani mwema. Binti yao, ambaye alikuwa muuguzi, alikata kauli kwamba mfumo uliomo ulikuwa umechakaa. Aliufuta wote, akaweka Linux, programu huria isiyozielemea mashine za zamani, kisha akakimbilia zamu yake hospitali. Tangu hapo kompyuta haikugoma tena mara mojamoja. Iligoma moja kwa moja.

"Baba, usiniambie umeifungua," binti alisema kwenye simu ya vibonye ya mama yake, iliyowekwa sauti ya juu.

"Nimeitazama kadi ya mtandao kwa lenzi," Mzee Sekunde alijibu. Lenzi hiyo, kikombe kidogo cheusi ambacho mafundi saa hukibana katika tundu la jicho, ilikuwa mahali pake. "Ilikuwa na vumbi. Nimeipiga mswaki."

"Ifunge, Baba! Kadi haina ubaya wowote. Kinachokosekana ni kiendeshi, programu ndogo ya kuifundisha kompyuta kuzungumza na kadi yake."

"Kinapatikana wapi?"

"Mtandaoni."

Mzee Sekunde aliweka mswaki mezani.

"Yaani," mkewe aliuliza taratibu, "ili tuingie mtandaoni, kwanza twende mtandaoni?"

"Ndivyo, Mama. Ndiyo maana mnahitaji simu ya Mjomba na waya wake, iipitishie kompyuta mtandao wake."

Mjomba huyo, yaani shemeji, aliitwa Mkurugenzi, kwa kuwa katika kila kazi alisimama mikono nyuma na kuelekeza. Alitoa simu yake polepole, kama mtu anayetoa figo.

"Shemeji, si nilikwambia hiki chombo kigeuzwe kibao cha kukatia vitunguu?"

"Na mimi si nilikwambia ukae?"

Kompyuta ilifungwa, ikageuzwa, ikaunganishwa na simu kwa waya. Binti alimwelekeza baba yake afungue dirisha jeusi kiooni, aandike maneno aliyomtajia, kisha atie nenosiri la kompyuta.

"Haliandikiki," Mzee Sekunde alisema. "Kibodi imekufa."

"Haijafa. Linaandikika, ila halionekani."

"Mimi sijawahi kuandika kitu nisichokiona."

"Na zile barua ulizomwandikia dada yangu?" Mkurugenzi alidakia. "Hakuna aliyewahi kuona neno ndani yake. Hati kama kuku amekanyaga wino!"

"Nilizielewa vizuri tu," mkewe alisema, akiangalia dirishani.

Baada ya kukosea na kurudia, herufi zilianza kuporomoka kiooni kama mtama unaomwagwa. Kiendeshi kilishuka, kikajisakinisha. Mkurugenzi akatoa wazo ambalo, kwa haki yote, lilikuwa jema.

"Si tumpigie Mama Mdogo kwa waya huuhuu, tumalize?"

Mzee Sekunde alijivuta kitini. "Waya ni mkongojo, shemeji. Mzima hatembelei mkongojo."

Kutoka kwenye kiti cha pembeni ilisikika sauti ya Bibi, tulivu mno.

"Nani hatembelei nini?"

"Nasema kompyuta, Mama."

"Aha. Nilidhani unasema watu."

Kabla jasho halijamkauka, simu ya Mkurugenzi iliita. Mkewe alikuwa amesimama nje ya nyumba yao na mizigo ya sokoni, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Mkurugenzi. Alichomoa simu na waya wake, akahangaika na komeo la mlango, akatoka mbio. Bibi akamfuata akipapasa ukuta, akakomea nyuma yake.

Mzee Sekunde aliizima kompyuta na kuiwasha upya. Mtandao haukuwepo. Binti alipopigiwa alimtajia maneno mengine ya kuandika, kisha akamtaka asome jibu.

"Inasema kadi inatambulikana, lakini imezuiwa kwa swichi."

"Basi kiendeshi kimekubali! Kuna swichi ya mkono, Baba, mahali fulani ukingoni. Kompyuta za zamani zilikuwa nayo. Naitwa wodini, kwaheri!"

Mzee Sekunde aliinama na lenzi yake. Aliuzunguka ukingo wote. Aliona chembe ya mkate, mguu wa sisimizi, na mkwaruzo uliofanana na mto wenye vijito. Swichi hakuiona, kwa sababu lenzi ile ilitengenezwa kwa vitu vidogo kuliko punje ya mchele, na swichi ilikuwa kubwa kama harage. Kila alipoifikia, jicho lake lilikutana na ukuta wa kijivu usio na mwisho. Akaupita, akaendelea na safari.

"Mzee, toa hicho kikombe jichoni utazame kama binadamu," mkewe alimsihi.

"Kazi ina vifaa vyake, mke wangu."

Bibi alikuwa amevaa gauni lake la sherehe tangu alfajiri, na viatu vilivyombana. Aliupapasa mkongojo wake, akasema bila lawama: "Mwanangu, kama haiwezekani, sema tu. Nivue viatu."

Mzee Sekunde angestahimili matusi. Hilo hakulistahimili. Lenzi ilimdondoka yenyewe.

"Sijashindwa, Mama. Natafuta swichi. Kidude kidogo cha kusukumwa upande, hapa ukingoni."

"Komeo?"

"Si komeo, Mama. Swichi."

"Kiko mbele, mkono wa kulia? Hilo ni komeo. Nalifunga kila asubuhi nikipangusa meza, na siku nyingine nalikuta limefunguka. Mnaachaje kitu cha thamani namna hii bila kukikomea?"

Mzee Sekunde alimtazama mkewe. Mkewe alimtazama yeye. Wote wawili walikuwa wakipiga hesabu ileile: mwezi mzima, mfumo uliofutwa bure, kiendeshi kilichotafutwa kwa sababu ya mfumo uliofutwa bure. Mkewe aliwahi jikoni, na huko ikasikika sauti ya mtu anayecheka ndani ya taulo.

"Likomoe, Mama," Mzee Sekunde alisema.

"Na wezi?"

"Nipo. Nitalinda."

Kidole cha Bibi kilienda moja kwa moja mahali pale. Taa ndogo ya rangi ya chungwa ikageuka buluu, Mzee Sekunde akatia nenosiri la mshonaji, akapiga, na haukupita muda uso wa mwanamke mzee ukajaa kiooni. Bibi alisogeza pua hadi kwenye kioo. Ng'ambo nako walifanya vivyo hivyo, kwa hiyo kilichoonekana kilikuwa tundu moja la pua.

"Rudi nyuma," Bibi aliamuru. "Fungua mdomo."

"Fungua wewe. Mkubwa ndiye huonyesha mfano."

Bibi alifungua. Ng'ambo walicheka. Kisha mdogo wake akafungua wake, na meno yakang'aa safu mbili, meupe, yamenyooka. Bibi alinywea kitini.

"Yote?"

"Yote, Dada." Mdogo mtu aliingiza vidole kinywani, akayatoa, ya juu na ya chini, akayaweka kiganjani. "Nilikwambia yangali kinywani. Sikukwambia yalianzia wapi."

Bibi alicheka hata mkongojo ukaanguka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kitu kingine, akaweka kiganja juu ya kioo, na ng'ambo kiganja kingine kikaja kukutana nacho.

Saa sita picha ilikatika. Mjukuu alikuwa anasafiri. Waliobaki sebuleni walikuwa watatu: Mzee Sekunde, mkewe, na Bibi, ambaye alikuwa amekwisha kulifunga tena lile komeo dogo. Mkurugenzi, aliyerudi kujua yaliyojiri, alibaki nje akigonga. Mezani ilibaki skrubu moja.