Betri Juu au Betri Chini

Mwenzangu wa kazi alianguka kwenye ghala la mbolea, akibadilisha betri ya taa ya dharura. Jukwaa alilosimamia liliteleza. Mimi nilikuwa chini nimelishika. Nyonga yake ilivunjika. Alipona, lakini hapandi tena hata kiti. Kesho yake nilirudi kazini. Watu walinisifu kwamba nina moyo mgumu. Haukuwa moyo mgumu. Sikuwa nikihisi kitu.

Miezi michache baadaye mfanyabiashara wa mchele aliniita ghalani kwake, karibu na mtaa wa Obunga. Paa lilikuwa juu kama nyumba ya ghorofa tatu, na kuta hazikuwa na dirisha hata moja. Alitaka taa za kujiwasha stima ikipotea, wapakiaji waone njia ya kutoka katikati ya magunia.

"Chagua wewe, fundi," alisema. "Mimi nataka tu ziwake."

Njia zilikuwa mbili. Ama kila taa iwe na betri yake huko juu, ama betri zote zikae chini, chumba kimoja, zipeleke umeme kwa nyaya.

Nilibeba mchoro hadi mtaa wa Kaloleni, nyumbani kwa mwenzangu. Mkewe alinimiminia chai. Nilikuwa na hakika ya jibu lake.

"Weka betri juu," alisema.

"Baada ya yaliyokupata?"

"Omera, ndugu yangu, hayo ni yangu. Waya mmoja ukiungua, ghala nzima iko giza. Lakini kila taa ikiwa na betri yake, moja ikikufa, zingine ziko."

Alisema kweli. Nilitazama mkongojo wake uliosimama ukutani, nikangoja uchungu uje. Haukuja. Nikanywa chai.

"Na nani atapanda kuzibadilisha?" nikauliza.

"Si wewe?"

"Mimi sipandi."

Sikujua hivyo mpaka nilipojisikia nikisema. Yeye hakucheka wala hakunilaumu. Alivuta mchoro, akaomba kalamu.

"Basi weka chini, lakini gawa. Taa moja waya huu, inayofuata waya ule, na ule upitie ukuta wa pili. Na nunua waya unaovumilia moto."

Nilifanya hivyo. Kazi ya juu niliwapa mafundi wengine, wenye mashine ya kuinua watu.

Tulijaribu saa sita mchana, milango imefungwa. Nilizima stima kuu, taa za dharura zikawaka zote. Kisha nikakata waya mmoja. Nusu zikazimika, na bado njia ilionekana hadi mlangoni. Wapakiaji wakapiga makofi. Mwenye ghala akanishika mkono, akautikisa sana.

Nikampigia mwenzangu simu.

"Zimewaka?"

"Zimewaka."

"Na ukikata moja?"

"Njia inaonekana."

Nilisikia redio ikiongea nyuma yake.

"Basi sawa," akasema. "Umekula?"

Nilifikiria kidogo. Sikuwa nimekula tangu jana asubuhi, na sikuwa nimegundua.