Nilifunga Duka Nikawa Mheshimiwa

Jamani, kosa ni langu, na wala simsingizii shetani!

Nilikuwa na duka Masalani. Sukari, majani ya chai, mchele, tochi. Watu walinunua kidogo na kuongea sana: nani kahama na mifugo, kisima gani kimekauka, mtoto wa nani anaumwa. Nilijua yote bila kutoka nyuma ya kaunta. Ndiyo maana wakanichagua MCA wao, mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti.

Kuapishwa tu, kichwa kikavimba! Nikafunga duka, nikahamia Garissa mjini.

Mke wangu alinisihi. "Baba Hamdi, niachie funguo. Watu wapate mahali pa kuleta shida zao."

Nikacheka. "Mke wa mheshimiwa apime sukari? Watasema nini?"

Wallahi, laiti ningemsikiliza!

Ukame ukaingia. Nikahangaika ofisi hii na ile mpaka nikapata lori la maji, nikalituma kwenye kijiji kimoja cha wadi yangu. Kabla halijaondoka nikapiga nalo picha, meno yote nje, nikairusha kwenye magrupu.

Kumbe wenyewe walishahama kitambo! Dereva alikuta vibanda vitupu, akamwaga maji kwenye birika la mifugo, akageuza. Huko walikohamia, mbuzi walikuwa wanakufa.

Niliporudi Masalani kuhutubia mkutano, akasimama Habo Dahabo, mama mzee aliyekuwa mteja wangu miaka yote.

"Ahsante, mheshimiwa," akasema. "Ngiri wamekunywa wakashiba. Sasa uchaguzi ukifika, wakupigie kura."

Watu walicheka wakashika mbavu. Hata mimi nilicheka, aibu yangu, kabla sijaelewa!

Kisha akashusha sauti. "Mbuzi wangu wamekwisha, mwanangu. Zamani ningekwambia dukani asubuhi, ukajua pa kuleta maji. Nilikuja. Nikakuta kufuli."



Uchaguzi ulipofika nilianguka, tena vibaya! Duka tumelifungua upya, na funguo anashika mke wangu. Mimi nabeba magunia. Wateja wengi wamerudi, na kunitania hawachoki.

Ila Habo Dahabo hajarudi. Hupita mlangoni, namsalimu, anaitikia salamu vizuri kabisa, halafu anaingia kwa jirani kununua sukari. Hapo ndipo roho inaniuma.

Wewe uliyechaguliwa juzi, sikia: usihame pale watu wanapokupata wakakugombeza. Wakiacha kukugombeza, usifurahi. Wameshakuacha!