Bathsheba, anayegonga ukuta ili Abner amalize shule

Ukungu bado umeilalia migomba ya Suneka wakati Bathsheba Bochaberi anapotoka jikoni, leso imefungwa kichwani, mpini wa ufagio mkononi. Analipita gari la mwenye nyumba, analipita tangi la maji, anafika kwenye nyumba ndogo ya matofali iliyo kando ya ua. Mlango haugusi. Anagonga ukuta.

"Abner! Omomura! Kumekucha."

Anagonga tena, kisha anatega sikio. Hangoji jibu. Anangoja kikohozi tu, au kitanda kilie, chochote cha kumwonyesha kwamba mtoto yumo na yu hai.

"Omomura gani huyu, mwanamume mzima anaamshwa na ukuta?" anaita, sauti yake ikijaribu kucheka.

"Wacha kelele, nimeamka."

Bathsheba anashusha pumzi.

Ana miaka 52, na ni mfanyakazi wa nyumbani katika boma hili lenye lango la chuma na vigae sakafuni. Majina yote tumeyabadilisha kwa ajili ya mtoto. Mwenye boma, Onsongo, ana duka kubwa la vifaa vya ujenzi mjini Kisii. Mkewe, Lavender, husafiri kutafuta bidhaa. Bathsheba hupika, hufua, na huhakikisha Abner, kitinda mimba wao aliye Gredi ya Sita, amepanda basi la shule. Hulipwa Sh10,000 kwa mwezi, na ndizo zinazomweka binti yake katika chuo cha ufundi Nyamira.

"Watu husema mtoto wa tajiri hawezi kukosa kumaliza shule ya msingi," anasema huku akichagua mawe kwenye mchele. "Karo ipo, viatu vipo, maziwa yapo. Lakini katika nyumba hii mmoja tayari alikosa."

Huyo ni Anyona, kaka yake Abner. Aliacha shule akiwa darasa la saba, enzi za mtihani wa darasa la nane, baba akamweka kwenye lori la saruji. Siku moja lori lilirudi, yeye hakurudi. Jina lake likitajwa mezani, Lavender huinuka akaenda kuosha sahani safi.

Abner alipotahiriwa Desemba iliyopita, alihama nyumba ya wazazi akaingia saiga, nyumba ya vijana waliokwisha tahiriwa. Saiga yake ina televisheni na godoro nene. Lakini mwanamke wa umri wa mama yake haingii humo. Ni chinsoni, ile heshima ya Abagusii iliyochanganyika na aibu, na Bathsheba, aliyezaliwa Sironga, alikuzwa nayo pamoja na uji.

"Zamani nilikuwa namvuta blanketi," anasema. "Sasa ni mwanamume. Nifanye nini? Nagonga ukuta."

Halafu ikaja ile asubuhi ya Februari. Mvua ilikuwa imenyesha, baridi ilikuwa kali, na jiko la makaa halikuwa mahali pake jikoni; likiwashwa ndani ya chumba kilichofungwa, huua aliyelala. Bathsheba aligonga ukuta. Akagonga dirisha. Hakuna kikohozi. Basi la shule lilipiga honi langoni, likapiga tena, likaondoka. Wazazi walikuwa safarini, simu hazishikwi.

"Nilinusa moshi, au labda ni woga tu ulikuwa na harufu. Niliona jeneza kwa macho yangu haya. Nikasema, chinsoni itanisamehe."

Akausukuma mlango kwa bega.

Jiko lilikuwamo, limezimika. Abner alikuwa macho, amejikunja nyuma ya kitanda, sare mwilini, blanketi ameling'ata. Alipomwona alisema neno moja: "Baba."

Kwa Ekegusii, baba ni mama. Tangu atahiriwe alikuwa akimwita Bochaberi tu, kama watu wazima wanavyomwita.

"Nikamuuliza, nini inauma? Akaniambia, 'Leo tunasoma kwa sauti, mmoja mmoja. Na mimi sijui kusoma.'"

Bathsheba hakuamini. Abner humwaga Kiingereza cha televisheni hadi wageni wakapiga makofi. Ameshapita shule tatu za bei ghali. Alama zikishuka, anahamishwa. Kazi za nyumbani alikuwa akiandikiwa na mwalimu wa kulipwa, na wazazi wakafurahia vema zilizojaa daftarini.

Tangu siku hiyo wawili hao husoma kabla basi halijafika. Jikoni Abner hataki kuketi, anasema si mahali pa mwanamume. Ndani ya saiga Bathsheba hakanyagi tena. Basi mlango unaachwa wazi, yeye nje kigodani, mtoto ndani, kitabu kizingitini katikati yao. Ni cha Gredi ya Pili, kimevalishwa gazeti ili jalada lisionekane.

"Mbuzi... amevaa..."

"Mbuzi avae nini, suti? Tazama tena."

"Amevuka. Mbuzi amevuka barabara."

"Haya! Kumbe macho unayo."

Abner anacheka, kisha anatupa jicho kwenye nyumba kubwa na kicheko kinakatika.

"Mimi si mwalimu," Bathsheba anasema baadaye. "Kuna maneno tunakwama sote wawili. Huyu anataka mtu aliyesomea kazi hiyo. Na hapo lazima babake ajue."

Hilo ndilo linalomnyima usingizi. Onsongo amekwisha sema mezani kwamba masomo yakimkataa kijana, lori lipo. Akiambiwa, huenda akamtoa shule kesho. Asipoambiwa, Abner ameapa kwamba siku ya mtihani wa mwisho wa Gredi ya Sita atalidandia lori lolote litakalopita.

"Nikisikia lori barabarani naruka kutoka kitandani," anasema. "Naenda dirishani kuangalia kama mlango wa saiga umefungwa."

Asubuhi hii Onsongo yuko nyumbani, jambo la nadra. Basi linapiga honi. Abner anabeba mkoba, anasita.

"Utamwambia tata leo?" Tata, kwa Ekegusii, ni baba mzazi.

"Nitamwambia."

"Ngoja basi lifike mbali kwanza."

Bathsheba anasimama langoni mpaka basi linapopotea kwenye kona.

"Naomba kitu kimoja," anasema. "Aingie chumba cha mtihani, akae mpaka mwisho. Hata akifeli, atakuwa amemaliza. Nitapiga kigelegele hapa hapa, wa kucheka acheke."

Kutoka sebuleni sauti nzito inaita: "Bochaberi! Chai iko wapi?"

Anakaza leso yake.

"Naleta, mzee," anajibu. "Na nina neno."