Nyota Bila "Na"

Fridah alishuka pwani kutoka Meru kuja kulea watoto wa wageni katika hoteli moja ya Diani. Hoteli ilipopunguza wafanyakazi, akaenda kufundisha chekechea katika kijiji kimoja nyuma ya Msambweni. Kiswahili alikuja nacho, ila cha bara: huenda sokoni na kurudi salama, lakini huangusha vitu njiani.

Safari hii kiliangusha "na".

Watoto wake walikuwa wakichora nyota zenye pembe tano, naye akataka wazione za kweli. Akawaandikia wazazi kwenye simu: "Kesho baada ya magharibi nitawaangalia watoto nyota. Waleteni uwanjani." Alikusudia kuziangalia pamoja nao. Lakini pwani, kumwangalia mtu nyota ni kumpigia ramli.

Magharibi ikapita, mikeka imetandikwa, mtoto hata mmoja hakuna. Akaja Kombe, muuza viazi karai, peke yake.

"Mwalimu, nyota yangu imefifia, viazi haviendi. Mamangu aitwa Mbodze. Si waanza na jina la mama?"

Fridah hajafungua kinywa, Hafsa akatokea, leso kaifunga kiunoni kama aliyejia ugomvi.

"Mwanangu Riziki nilikuletea asome. Kumbe we mganga! Kesho haji, na wenzangu wote wangoja neno langu."

Fridah aliliona darasa lake likifutika. "Mganga? Nilisema tutaangalia nyota!"

"Hukusema hivyo. Soma!" Hafsa akamsogezea simu.

Akasoma. "Nilimaanisha nitaangalia nyota *na* watoto. Hivi, kwa macho." Akainua uso, akanyoosha kidole juu.

Hafsa akamtazama, akatazama juu, cheko likamtoka. "Subhanallah! 'Na' moja tu, ungefunga virago!" Papo hapo akawatumia wenzake sauti: "Jamani, leteni watoto. Hapana ramli. Mmeru wa watu ameponzwa na Kiswahili."

Watoto wakaja mbio, wakalala chali mikekani.

"Mwalimu, mbona hazina pembe?" Kibwana alilalamika.

"Pembe tunaziongeza sisi."

"Na ile nyekundu yaitwaje?" Riziki akauliza.

"Sijui. Wewe ungeiitaje?"

"Nyanya."

"Nyanya ya mchuzi, au nyanya mzaa mama?" Usiku huo Fridah hakutaka tena kubahatisha neno.

"Ya mchuzi!" wakapiga kelele wote.

Hafsa, aliyekuja kumwondoa mwanawe shuleni, alivua ndara, akajinyoosha kando ya Riziki. "Sogea," alisema. "Iko wapi hiyo nyanya?"