Fundi Makochi Anayeogopa Mwayo

Saa tatu asubuhi, mteja aliyekuja kuulizia kochi lake anapiga mwayo. Fundi anageuka upesi kutazama ukuta, kiganja kikiwa chini ya kidevu.

"Wenzangu wanaogopa nyoka," anasema. "Mimi naogopa mwayo. Wako ukiniambukiza, taya linabaki wazi."

Binti huyu ana miaka ishirini na sita. Karakana ni ya baba yake: chumba kimoja, sponji hadi darini, meza ya kukatia vitambaa karibu na dirisha. Hapa alifundishwa kazi kama baba alivyofundishwa: misumari midogo mdomoni, ulimi ukiitoa mmoja mmoja, mkono mmoja ukivuta kitambaa, wa pili ukishika nyundo.

Mwaka jana taya lilianza kulia ta-ta kila alipotafuna. Kaka zake wakamwita Saa ya Ukutani. Kisha, asubuhi moja, alipiga mwayo na mdomo ukagoma kufunga. Baba alimpeleka kwa daktari wa meno, binti akiwa amejifunika shali usoni.

Daktari anasema wengi wanaomjia na maumivu ya kiungo cha taya ni vijana, wanawake zaidi. Haitupii misumari lawama zote. "Baba yake ameishika mdomoni miaka arobaini, na bado anavunja mifupa kwa meno. Binti anakaza meno akiwaza, na usingizini anayasaga."

Alimwagiza alipumzishe taya. Sasa misumari inakaa kwenye sumaku ya spika mbovu, aliyoifunga mkononi kama saa. Kochi la siku mbili humchukua tatu, na hilo linamnyima raha, kwa kuwa baba anataka kumwachia karakana.

"Fundi mzito hufukuza wateja," anasema. "Au vipi, baba?"

Baba, mdomo umejaa, anaguna. Anaitema misumari kiganjani, taratibu.

"Makochi yako hayarudishwi, mwanangu. Ya ujana wangu yalirudi hadi jirani akadhani nayakodisha. Haraka yangu hukuirithi. Shukuru."

Mazoezi ya daktari yanasaidia: mdomo uliokuwa ukipitisha vidole viwili kwa shida sasa unakaribia vitatu. Binti ameshaweka sharti lake.

"Siku nitakayopiga mwayo mbele yako na mdomo ukajifunga wenyewe, nipe funguo."

"Basi fanya hima," baba anajibu. "Mimi nimeshachoka."

Na anapiga mwayo mrefu. Binti anageukia ukuta, mabega yakitikisika kwa kicheko, kiganja chini ya kidevu.

"Bado kidogo, baba," anasema.