Punje Iliyovimba Sikioni mwa Manka

Sisi tuliolelewa migombani enzi zile hatukuhitaji kuambiwa kwamba msimu wa kahawa umefika. Mikono ndiyo iliyotuambia. Ilikuwa myeusi kwa utomvu hadi kwenye viganja, na mwalimu alipotukagua kucha Jumatatu asubuhi hakuwa na la kusema, kwa kuwa mikono yake mwenyewe ilikuwa vivyo hivyo. Nakumbuka harufu ya maganda yaliyokuwa yakioza nyuma ya nyumba, iliyoingia hadi kwenye mashuka. Nakumbuka mashine ya kumenyea, ile ya kuzungusha kwa mkono, mimi na mdogo wangu Manka tukipokezana mpini huku mama akimimina kahawa nyekundu juu yake. Watoto wa mjini Moshi walisema sisi wa Kibosho tunanuka kahawa. Walisema kweli.

Ilikuwa ile miaka ya shida, sabuni na sukari zikipatikana kwa karatasi ya balozi wa nyumba kumi, mafuta ya taa yakipimwa kwa kikombe. Siku hizi wenzangu wa rika langu wakikutana husimulia miaka ile wakitabasamu, eti tulipendana, eti tulikula mtori wa chungu kimoja na hakuna aliyejiona. Tulikula chungu kimoja, sikatai. Lakini mimi miaka ile nikiikumbuka mdomo unakuwa mchungu, na leo nitasema kwa nini, maana nimezeeka na aliyenifichia siri hayupo.

Baba yetu alikuwa bingwa wa kahawa. Alipofikisha magunia yake kituoni kupimwa daraja, wakulima wenzake walisogea kuangalia. Kusoma kwake kuliishia kwenye jina lake na namba za mizani, lakini kahawa aliijua kama padri anavyoijua misa. Alitufundisha kwamba kahawa iliyotoka kumenywa ina ute, na ukiiloweka usiku kucha ute ule unaachia, punje zinateleza mkononi zenyewe. Ikishaanikwa kichanjani ikakauka, maji yanakuwa adui yake. Alikuwa na msemo wake, tukiusikia kila msimu mpaka tukaukinai: "Mbichi ikinywa maji inateleza. Kavu ikinywa maji inavimba." Wingu likijikusanya mlimani tulikimbia kufunika vichanja kwanza, nguo kwenye kamba baadaye.

Tena kahawa kavu haikuchezewa. Hiyo ndiyo iliyokuwa sare zetu na viatu vya Krismasi, na aliyekutwa anaichezea alichapwa kwa ufito wa mkahawa huo huo. Ufito ulichomekwa kwenye paa la jiko, mahali ambapo kila mtu aliyeingia kula aliuona. Watoto wa leo mkiambiwa hivyo mnasema ni unyanyasaji. Sisi tuliita malezi, na tulijifunza kusema uongo mapema sana.

Jumamosi moja mama alikuwa ameshuka tambarare kutafuta majani ya ng'ombe, baba yuko kwenye mkutano wa kijiji. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, Manka saba. Tuliachwa kichanjani tuchambue kahawa kavu, tutoe zilizovunjika na zilizoingia weusi. Kazi ile ilichosha mgongo, basi nikaanzisha mchezo. Mmoja anaficha punje, mwingine anatafuta, anayeshindwa anakwenda mfongoni kuchota maji. Mfongo wetu ule, mfereji uliopita juu ya shamba, ulikuwa na kilima kikali. Manka alishindwa mara nne mfululizo, kwa sababu akificha punje kwenye ngumi macho yake yalikwenda kwenye ngumi hiyo hiyo. Nilimcheka. Nikamwambia aifiche mahali ambapo hata mimi mkubwa wake sitaweza kuiona.

Nilipofumbua macho akanyoosha viganja vyote viwili vitupu. Nikapekua nywele, nguo, mdomo. Nikashindwa, naye akaruka kwa furaha, ndiyo mara pekee aliyowahi kunishinda. Kisha akatia kidole sikioni, akatia tena, na uso ukabadilika.

Nilijaribu kuitoa kwa kijiti cha ufagio. Nikaisukuma ndani zaidi. Basi nikamwapisha asiseme, nikampa na ndizi yangu ya kuchoma, na Manka, ambaye aliniamini kuliko alivyomwamini padri, akala ndizi akanyamaza.

Kesho yake kanisani alikaa ameinamisha kichwa upande kama kuku anayesikiliza, mama akamwona. Tulipofika nyumbani alibanwa kidogo tu akasema ni kahawa. Baba akakaa kwenye kigoda uani, akamweka Manka katikati ya magoti yake na kumlaza kichwa pajani, sikio zima chini kiasi kwamba hakutusikia, akaniita. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza habari za kazi.

"Felista, ni mbichi au kavu?"

Nililijua jibu, na nilijua kwa nini anauliza. Nikatazama mlango wa jiko, nikauona ufito pale paani.

"Mbichi, baba. Iliruka tulipokuwa tunamenya."

Akashusha pumzi. Hata alitabasamu, akamwambia mama asihangaike kuteremka mjini, hiyo itateleza yenyewe. Akaagiza maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, akamlaza Manka ubavu kwenye mkeka, akalijaza sikio lake, akasubiri. Akamgeuza. Hakikutoka kitu. Akasema ute haujaachia, tuongeze. Alimloweka mtoto wake mara tatu alasiri ile, kwa mkono ule ule mwepesi aliokuwa akipapasa nao kahawa yake. Aliyeshika kikombe ni mimi. Kila mara aliponyoosha mkono bila kuangalia, nilimpa kikombe.

Asubuhi Manka alikuwa analia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sikio limekuwa jekundu na joto limempanda. Kwenye zahanati ya kijiji kulikuwa na bwana mmoja tuliyemwita daktari ingawa hakuwa daktari, mtu mwema, wala simlaumu. Alikuwa na tochi ya kuangalia masikioni lakini betri hazikuwapo nchi nzima, basi akambeba Manka hadi mlangoni amwangalie kwa mwanga wa jua. Akajaribu kwa koleo dogo. Likateleza, damu ikatoka. Akaliweka chini, akasema kazi hii haiwezi, mteremsheni mjini sasa hivi.

Basi la kwenda mjini siku ile halikuja, lilikuwa limekosa matairi. Baba alimfunga Manka mgongoni kwa kanga ya mama, mwanamume mzima na heshima zake, akateremka naye kwa miguu huku watu wakisimama kwenye nyua za sale, majani yale tunayopandia mipaka, kutuangalia. Mimi nilimfuata nimebeba kikapu cha chakula. Alitembea upesi hata nikawa nakimbia, na njia nzima alimwambia Manka kwa Kichagga kwamba tumekaribia, hata pale ambapo bado tulikuwa mbali sana. Barabarani tukapata lori la ndizi.

Mjini tulikaa hospitalini kwenye benchi kutwa, kisha kutwa nyingine. Daktari mmoja kijana alipofikia zamu yetu aliitoa punje vipande vipande huku Manka ameshikwa na watu watatu. Akaviweka kwenye sahani ya chuma. Ilikuwa imevimba hata ikapasua ganda lake. Mbichi haivimbi hivyo. Hilo hata mimi nililijua.

Daktari akauliza ni nani aliyetia maji. Baba akasema ni yeye. Daktari alikuwa amechoka, akamsema mbele ya wagonjwa wote, kwamba yeye ni mkulima wa kahawa, mvi zimeanza kumtoka, inakuwaje hajui punje kavu ikipata maji inafanya nini? Baba akaiangalia ile sahani. Kisha akaniangalia mimi, muda mrefu, na nilijua kwamba ameshaelewa kila kitu.

"Sikujua, daktari," alisema.

Yeye, baba yangu. Mtu aliyefuatwa na wakulima kutoka vijiji vitatu waje kumuuliza habari za kahawa.

Sikio lile lilitoa usaha karibu mwaka mzima, kisha likakauka na kufa. Nilisubiri ufito. Nilisubiri wiki, nikasubiri hadi msimu mwingine, na kila nilipoingia jikoni niliutazama. Baba hakuwahi kuugusa kwa ajili yangu, wala hakumwambia mama. Angenichapa ningelia nikamaliza. Alininyima hata hiyo nafuu, na kuna siku namchukia kwa hilo, Mungu anisamehe.

Shuleni Manka alipigwa kwa kutokuitika. Mwalimu alimwona ana kiburi, kumbe aliitwa kwa upande usiosikia. Darasa la saba hakuchaguliwa. Mimi nilichaguliwa, nikasoma, nikawa mwalimu Dar es Salaam, nikajenga. Yeye alibaki kwenye kihamba cha baba, shamba letu la urithi, akamuuguza mpaka akafa, na hata alipokuwa akimlisha kwa kijiko aliwaambia wageni, kwa utani usiokuwa utani, kwamba huyu mzee ndiye aliyemloweka sikio. Baba alisikia. Alimeza uji wake.

Mwaka juzi mjukuu wangu wa miaka sita alikuja sebuleni nikiwa na wageni, hata shikamoo hakutoa, akatangaza mbele yao, "Bibi, nimeingiza shanga sikioni, ile ya bluu ya mkufu wako, nimeuvunja." Yote kwa pumzi moja, bila kutetemeka. Mama yake akampeleka kwa daktari, na kabla chai haijapoa walikuwa wamerudi, shanga iko kwenye karatasi. Kaka yake wakati wote huo alikuwa kwenye kochi na vile vidude vya muziki masikioni, hana habari. Wageni walicheka, wakasema watoto wa siku hizi hawana adabu. Nami ndiye ninayeongoza kusema hivyo kila siku. Safari hii nilikwenda chooni nikajifungia nikalia. Mtoto yule hana adabu, kweli, lakini masikio yake yote mawili yanasikia.

Desemba iliyopita nilipanda nyumbani kama tunavyopanda wote. Asubuhi ya Krismasi nikakata jani la sale kwenye ua. Kwetu ukimpelekea mtu sale unaomba msamaha, na anayeletewa hana ruhusa ya kukataa. Nimelikata jani hilo miaka mingi, na miaka mingi nimerudi nalo Dar likiwa limenyauka kwenye mkoba. Nilimkuta Manka migombani anapalilia kaburi la baba. Aliliona jani mkononi, akasimama.

"Hilo unampelekea nani?"

Ningeweza kulinyoosha tu. Ilikuwa hatua mbili.

"Baba," nikasema, nikainama nikaliweka kaburini.

Manka alilitazama kidogo. Akasema mimi ndiye niliyesomeshwa, nilikuwa na deni gani kwa baba. Baba ndiye aliyepaswa kumletea yeye sale, na alikufa bila kumletea. Kisha akarudi kwenye palizi yake, amenigeuzia ule upande uliokufa.

"Nilimwambia ni mbichi," nikasema. "Ni mimi, Manka."

Jembe likapiga mara mbili tatu, kisha akageuka na kuinua uso. "Umesema?"

"Nimesema tuingie ndani, mvua inakuja."

Akatazama juu mlimani, akasema kweli, na akaniuliza kama nimekumbuka kufunika kahawa.