Kusubiri Kusalimiwa

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ya waraibu pale Lanham, huku ughaibuni, muuguzi mkuu hakuanza na dawa. Alinikalisha akaniuliza, "Ukimkuta mgonjwa wetu dukani, utafanya nini?"

"Nitamsalimia." Nimezaliwa Iringa, ningejibu nini kingine?

"Basi utakuwa umemtangaza. Subiri akusalimie yeye. Asipokusalimia, humjui."

Nilidhani ananitania. Kwetu mtu mzima akipita watu bila salamu, huulizwa kama anaumwa. Lakini ndivyo tulivyofanya kazi miaka ile ya elfu mbili. Habari za anayetibiwa uraibu ni mali yake. Bila ridhaa yake ya maandishi, inayotaja nani aambiwe nini, hatukuruhusiwa hata kusema kwamba tunamtibu. Awe mke anayepiga simu au mchungaji aliyekuja na sala zake, jibu lilikuwa moja: siwezi kusema yumo, wala siwezi kusema hayumo. Na msidhani "hayumo" ni jibu la heri. Ukizoea kulisema, siku utakayonyamaza watu watajua yumo.

Asubuhi nilikaa dirishani nikitoa methadoni, dawa ya kunywa inayozuia arosto, yale mateso ya mwili uliokosa kile ulichokizoea. Mgonjwa alikunywa mbele yangu, kisha akasema neno lolote ili nijue amemeza. Wengi walisema asante. Kijana mmoja Mtanzania, nitamwita Baraka, alisema "Shikamoo."

Baraka alikuwa akihudumia wazee huko Greenbelt, mji wa jirani. Aliumia mgongo akimnyanyua mmoja wao, akapewa vidonge vya maumivu, na vidonge vikamteka. Tulisali kanisa moja, naye alikuwa amemchumbia Neema, binti wa rafiki yangu mkubwa, Mkenya mmoja mcheshi. Kanisani Baraka alinipita kama anayepita nguzo, nami nikatazama pembeni. Umri ulinisitiri kidogo, maana kwetu mdogo ndiye huanza na shikamoo. Hata hivyo watu waliona wakasema nina maringo. Iliniuma, sitaki kudanganya.

Siku moja Mama Neema akatokea kaunta.

"Mama Upendo, hiyo gari ya Baraka nimeiona hapo parking. Si uniambie tu? Msichana wangu anaolewa na mtu wa aina gani?"

"Siwezi kusema yumo, wala siwezi kusema hayumo."

"Unaniambia hivyo mimi? Si sisi ni family? Krismasi ngapi umekula kwangu?"

Nilirudia maneno yale yale. Aliondoka bila kuaga, na simu zake zikakoma.

Kesho yake Baraka alimeza dawa, lakini hakusema shikamoo.

"Jana nilikuwa nyuma ya mlango," alisema. "Nilijua utamwambia. Nilishaamua kwamba ukisema tu, sirudi hapa tena."

Alirudi, siku baada ya siku. Alipokuwa tayari, alimweleza Neema mwenyewe, kisha wakaenda pamoja kwa Mama Neema. Jumapili moja akavuka uwanja wa magari wa kanisa, mbele ya wale wale walioniita mwenye maringo.

"Shikamoo, mama!"

Niliitikia marahaba kwa sauti mpaka watoto wakageuka kunitazama, huku machozi ya furaha yakinitoka. Walioana mwaka huo.

Baadaye nilihamia kliniki nyingine, ya Fairfax, chini ya mkurugenzi aliyekuwa akituambia, "Kufuli halina kazi kama mdomo hauna mlango." Huko ndiko nilikostaafia. Haya nayasimulia kwa ruhusa ya Baraka na Mama Neema, na majina si yao.

Kwenye sherehe ya kuniaga, Mama Neema, ambaye tangu siku ile tulibaki na salamu za adabu tu, alinivuta jikoni.

"Kaka yangu," alinong'ona. "Pombe inammaliza. Nimefikiria nani nitamwambia na isifike kanisani. Siku ile ungenijibu, leo singekuja kwako."

Tulikumbatiana mpaka chai ikapoa, nami nikautua mzigo wa miaka. Nilimwandikia namba ya kliniki. Kaka yake namwona kanisani Jumapili nyingi, na mpaka leo sijui kama alikwenda. Nasubiri anisalimie.